Ziwa Halikumfuata Kitandani

Watu wa Gungu, watu wa Kibirizi, Katonga na Ujiji, hili tunalijua. Asitokee wa kusema amelisikia leo. Kila mwezi ukiondoka angani na giza la kuvulia likaingia, matajiri wenye boti wakaanza kuchaji betri na kuhesabu mafuta, kuna mvulana anayeteremka kwenda mwaloni jioni, sweta la kaka yake mwilini, muhogo wa kuchemsha kwenye kopo. Hajui kuogelea. Hajawahi kushika kasia kwenye maji yanayompita kimo. Upepo wa kusi anaujua kwa kelele za mabati tu. Hajauona unavyoyasimamisha maji. Na usiku huohuo, usiku wake wa kwanza, atakuwa juu ya kipe mbali na taa za mji, katikati ya watu wazima wenye haraka, kwenye Ziwa Tanganyika, la pili duniani kwa kina, mita 1,470 palipo kirefu kuliko pote. Tunamwona akipita. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, Mungu akutangulie." Kisha tunageuza maandazi yetu yasiungue.

Mungu amtangulie wapi? Mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu angempeleka mbuzi wake?

Mnasema anakwenda kujifunza kazi. Haya, tuitazame hiyo shule. Kipe ni boti zilizofungwa pamoja kwa miti, wavu umezamishwa katikati, taa zimeelekezwa majini. Dagaa hufuata mwanga wakapanda, na saa ya kuvuta ikifika huvuta wote kwa mpigo mmoja. Kila mkono una kamba yake na kila mguu una mahali pake. Hakuna hata mtu mmoja mle ambaye kazi yake ni kufundisha. Mgeni akichelewa kuvuta, wavu unainamia upande mmoja na dagaa wanamwagika. Akikanyaga mti uliolowa asipopaswa kusimama, anateleza, na anayemrukia kumshika anaiachia kamba yake. Akikosea mara ya kwanza anatukanwa. Mara ya pili anapigwa kofi. Akilia, anachekwa mpaka alfajiri. Wavuvi wanamkasirikia kwa sababu wanajua kwamba ugeni wake unabebwa na boti nzima, na siku ziwa likichafuka, ugeni wa mmoja unaweza kuwa msiba wa nyumba sita. Hasira hiyo ni ya haki. Ila imemwendea mtoto, badala ya kumwendea aliyemleta.

Kipe si shule.

"Hata sisi tulianza hivyo." Uongo! Wazee, ninyi mliozaliwa na harufu ya nyavu, semeni kweli mbele ya vijana hawa. Mlianza kwa kukomba maji mtumbwini ukiwa umefungwa ufukweni. Mkafuata kushona nyavu zilizochanika, mmekaa mchangani, mkisikiliza wakubwa wakibishana habari za upepo na mawingu ya upande wa Kongo. Mkapiga kasia mchana, maji yakiwa ya kifuani, na nyuma yenu alikaa baba au mjomba ambaye macho yake hayakuwa kwenye samaki, yalikuwa kwenu. Siku mlipoingia gizani na kundi la wavuvi, miili yenu ilikuwa tayari inajua mambo ambayo hakuna mwenye nafasi ya kuyaeleza usiku. Mtoto wa leo ameondolewa ngazi zote hizo, akaachiwa ile ya mwisho. Kisha akidondoka tunasema hakuwa na moyo.

Hata mnyama hufundishwa kwa ngazi. Chukueni farasi. Farasi hatuna Kigoma. Mbung'o na maradhi vimemfukuza mnyama huyo katika nchi hizi tangu zamani. Hata Stanley, aliyeondoka pwani mwaka 1871 kuja Ujiji kumtafuta Livingstone, farasi wake wawili walimfia kabla hawajafika mbali na bahari. Lakini wanaowafuga, Nairobi au Ulaya, wana adabu moja ambayo ingetutoa jasho la aibu. Farasi mchanga anayeandaliwa kuruka viunzi hapelekwi moja kwa moja kwenye somo la kundi, kati ya farasi wazoefu wanaokimbia na kuruka. Husubiriwa mifupa yake ikomae. Huanzishwa peke yake, kwa mti uliolazwa chini, auvuke kwa kutembea. Hupewa mwenzi mtu mzima, farasi mtulivu, amwangalie na kutulia. Mwenye kuharakisha huambiwa usoni kwamba anamharibu mnyama na anahatarisha wenzake uwanjani, na mwalimu makini humrudisha nyumbani. Huyo ni mnyama, tena mnyama wa mchezo. Mtoto wa Gungu hajapewa hata huo mti wa kulazwa chini.

Na sisi si watu wasiojua kungoja. Tarehe 15 Mei 2024 Tanzania ililifunga Ziwa Tanganyika, likakaa bila kuvuliwa hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Tulinung'unika, tuliumia, vichanja vya kuanikia vikakauka vitupu, lakini tulielezwa sababu na tukaikubali: kidagaa kipewe muda wa kukua. Tumewahi kusimama ufukweni tukitazama makokoro yakichomwa moto kwa kosa la kukokota samaki wachanga, na wengi wetu tukasema serikali imefanya vizuri. Kumbe huruma tunayo! Kumbe tunajua kwamba kilicho kichanga hakivuliwi! Basi ni kwa nini huruma ile imeishia majini? Tuna sheria ya tundu la wavu, tuna miezi ya mapumziko ya samaki, tuna doria. Mvulana anayepanda boti kuwafuata samaki hao hao hana anayempima.

Sheria yake ipo pia, msidhani haipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na kwa aliye chini ya miaka 18 inakataza kazi ya ubaharia na kazi yoyote ya hatari. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanyishwa kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Soma saa hizo tena. Ndizo saa za dagaa, zote, bila kubaki hata moja. Tumechukua saa zile zile ambazo nchi imesema mtoto alale, tukampeleka katika kazi ambayo nchi imesema asiiguse.

Nitasema neno ambalo tunalizunguka. Hachukuliwi kwa sababu tunataka ajifunze. Anachukuliwa kwa sababu ni rahisi. Hajui kuulizia mgawo. Akipewa sado ya dagaa na noti moja anashukuru. Akidhulumiwa hana wa kumsemea, kwa kuwa aliyemleta ndiye anayekula naye. Tajiri anapunguza gharama kwa mwili wa mtoto, nahodha ananyamaza kwa sababu kamba inataka mikono, na neno "mafunzo" linapakwa juu ya hayo yote.

Sitamtukana mama mwenye sufuria tupu. Njaa ya miji hii ni ya kweli, na baada ya watoto watano na bei ya unga, mkono unaoletewa dagaa alfajiri hauulizi umetoka wapi. Lakini njaa ya mama huyo haimtakasi tajiri mwenye boti tatu. Haimtakasi mwalimu aliyeona kiti kimebaki kitupu, akapiga mstari kwenye daftari la mahudhurio, akaendelea na kipindi. Haimtakasi mwenyekiti wa mtaa anayejua kila nyumba yenye mgeni na kila nyumba yenye deni, ila hajui ni watoto wangapi wa mtaa wake wanalala ziwani. Wala shehe na mchungaji, wanaonyanyua mikono kubariki boti mpya bila kuuliza nani atapanda. Wala mchuuzi anayemnunulia dagaa mtoto mwenye vidole vilivyochanwa na kamba, akimbishia bei. Wala sisi walaji, kutoka hapa hadi Dar es Salaam, tunaojisifu kwamba dagaa wa Kigoma hawana mfano, tukiwala kwa mawese na ugali wa muhogo.

Sote tumo kwenye kipe kile. Isipokuwa sisi tumekaa pakavu.

Kisha inakuja asubuhi ambayo boti zinarudi na moja inahesabu watu wake mara mbili. Hapo ndipo tunapokuwa hodari. Turubai linafungwa, viti vya plastiki vinakusanywa, mchango unapita nyumba kwa nyumba, na hakuna anayenyima. Tunalia, na machozi yetu ni ya kweli. Hilo ndilo linalouma zaidi. Halafu mmoja anasema, kwa sauti ya chini, "Ziwa limemchukua." Wote tunaitikia kwa vichwa. Kazi ya Mungu haina makosa, anaongeza mwingine. Tajiri ametoa mchango mkubwa kuliko wote na amepewa kiti cha mbele. Hakuna anayeuliza kama mtoto alivaa jaketi okozi, wala nani alimwambia apande, wala alikuwa na miaka mingapi.

Ziwa halikumfuata kitandani. Alipelekwa, na tulimwona akipelekwa.

Giza lijalo haliko mbali. Mwenye boti, ukitaka mrithi wa kazi yako, mpe miaka miwili ya mchana: nyavu, kasia, kuogelea, upepo, akiwa na mtu mzima mmoja unayemlipa kumfundisha, siyo kuvua. Ukiona hilo ni ghali, basi ulikuwa hutafuti mwanafunzi. Mwalimu, kiti kikikaa kitupu siku tatu, nenda hadi nyumbani, na ukiambiwa "yuko kwa bibi yake", nenda mwaloni. Wenye mimbari, semeni Ijumaa hii na Jumapili hii, kwa lugha ambayo tajiri aliyekaa safu ya mbele hataweza kudhani inamhusu mwingine. Nawe nahodha, kabla ya kusukuma boti, washa taa yako uziangalie nyuso za watu wako. Yule ambaye hajatimiza miaka, mshushe. Akikuambia tajiri amemruhusu, mshushe. Akikuambia mama yake anajua, mshushe na umrudishe kwa mama yake wewe mwenyewe, jioni hiyohiyo, hata kama wenzako watakutangulia kwenye dagaa.