Je, Mtu Aweza Kudanganya kwa Maneno ya Kweli?

Shangazi yangu anafanya kazi ya kuhudumia wazee nchini Ubelgiji. Mwaka jana alipokuja Bujumbura alituletea sarafu 12 za dhahabu. Alizinunua kwa posta, moja kila mwezi, akamwambia mama: "Wifi, hii ni akiba. Siku karo ya mtoto ikikosekana, uzeni." Siku hiyo ilifika mwezi wa Septemba. Mama alizifunga kwenye kitambaa, tukaenda kwa sonara.

Sonara alizipima, akasoma vyeti vyake, akatusogezea kikokotoo. Kila sarafu ilikuwa na uzito wa nusu gramu, na katika sehemu 1,000 za uzito huo dhahabu ilikuwa sehemu 585 tu, yaani karati 14. Zilizobaki ni madini mengine. Sarafu zote 12 zilikuwa gramu 6, na dhahabu iliyomo gramu 3.51. Bei aliyotaja haikufika hata robo ya fedha alizolipa shangazi.

Neno la kwanza lililonijia ni "ameibiwa." Lakini usiku nilizisoma tena karatasi zile za Kifaransa, sikuona uongo hata mmoja. Ziliandika "sarafu ya dhahabu", na kweli ina dhahabu. Ziliandika "toleo lenye kikomo", na huenda idadi ina kikomo. Tarakimu 585 ilikuwepo, kwa herufi ndogo, chini kabisa. Picha ya sarafu ilijaza ukurasa, ilhali sarafu yenyewe ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Lakini vipimo vyake navyo vilitajwa. Basi kosa liko wapi?

Tukubaliane kwanza kwamba kosa haliko katika mchanganyiko. Sarafu ya Krugerrand, inayotengenezwa Afrika Kusini tangu mwaka 1967, nayo si dhahabu tupu. Ni ya karati 22, kwa sababu dhahabu peke yake ni laini na shaba huipa ugumu. Lakini uzito wake umeongezwa hadi gramu 33.93 ili ndani yake mbaki wakia moja kamili ya dhahabu safi, yaani gramu 31.1. Anayeinunua hupata kile anachodhani amepata. Sarafu za shangazi zilipangwa kinyume chake: faida ya muuzaji imo katika pengo kati ya kinachodhaniwa na kilichopo.

Mtetezi wa muuzaji atajibu kwa methali: mwenye macho haambiwi tazama. Hoja hii ni ya zamani. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero aliandika juu ya mfanyabiashara aliyepeleka nafaka kisiwani Rhodes wakati wa njaa. Njiani ameona meli nyingine zinakuja na nafaka. Je, awaambie wanunuzi, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Mwanafalsafa Diogenes wa Babeli alisema muuzaji ataje kasoro ambazo sheria inamtaka azitaje, asiseme uongo, na mengine si kazi yake. Antipater, mwanafunzi wake, alikataa: binadamu ni ndugu, hawafichani jambo lenye manufaa kwao. Cicero alimuunga mkono Antipater, lakini kwa uangalifu. Si kila kunyamaza ni kuficha. Kunyamaza kunakuwa kuficha pale unapotaka mwenzako asijue jambo linalomfaa, ili wewe upate faida.

Kwa kipimo hicho, swali la kumuuliza muuzaji si "Je, uliandika?" bali "Je, ulitaka asomaye aelewe?" Mtu anayetaka kueleweka haandiki "dhahabu" kwa herufi kubwa na "585" kwa herufi za sisimizi. Atasema pia kwamba mkusanyaji hununua uzuri na uhaba, si madini. Ni kweli, lakini basi asimwambie mhudumu wa wazee kwamba hiyo ni akiba ya familia yake.

Ningeweza kuishia hapo nikiwa upande wa haki, lakini wiki ile ile jirani yetu wa Buyenzi, mama mtu mzima anayeoza binti, alisikia tuna dhahabu. Alikuja kuzitazama. Hajui Kifaransa, na mimi ndiye niliyeombwa kumsomea vyeti. Kabla hajaingia mama aliniambia: "Mwanangu, msomee kama ilivyoandikwa. Karatasi imesema kila kitu." Hakuniambia niseme uongo. Alikuwa na deni la karo. Nilisoma mpaka kwenye 585, nikasikia ulimi unataka kupita haraka. Nikasimama, nikaeleza maana yake. Jirani alishukuru, akanunua mbili kwa bei ya sonara, akaondoka. Mama hakunisemesha mpaka kesho yake.

Hapo nilijua kwamba muuzaji yule wa mbali si mtu wa aina nyingine. Ni mtu aliyepita haraka kwenye 585.

Limebaki jambo moja. Shangazi hajui. Mama anasema tumstahi, ametoa jasho lake kwa ajili yetu. Nami nilikubali, kwa kuwa kimya chetu hakituletei faida, basi nikaona si kuficha. Nilikosea. Shangazi bado ananunua, sarafu moja kila mwezi, na kila anapotuma salamu tunamshukuru. Shukrani hiyo ni ya kweli, kama lilivyo la kweli neno "dhahabu" kwenye karatasi ile, na inamfanya aendelee kulipa. Tunacholinda ni raha yetu ya kutomwambia. Jumapili nitampigia simu.