Anayeita Yuko Kivulini

Katika Kanisa la San Luigi dei Francesi mjini Roma kuna picha ya Caravaggio aliyoikamilisha mwaka 1600: Yesu anamwita Mathayo mtoza ushuru. Ungedhani Bwana ndiye angeng'ara. Sivyo. Amesimama pembeni, Petro akiuziba mwili wake, na kinachoonekana ni uso ulio nusu gizani na mkono ulionyooshwa. Dirisha limo ukutani, lakini halitoi mwanga. Nuru inaingia kutoka upande alikosimama Yesu, inapita juu ya mkono wake na kuwaangukia waliokaa mezani. Kijana mmoja amemulikwa kama wenzake, ila hakuinua kichwa; anahesabu fedha.

Maabara nazo zina ufundi huu wa kufifisha vingine ili kimoja kionekane. Njia ya Wajerumani Ziehl na Neelsen, iliyobuniwa miaka ya 1880, imetumika muda mrefu katika vituo vyetu vya afya kupima kifua kikuu. Makohozi hupakwa kwenye kioo, yakamwagiwa rangi nyekundu na kupashwa moto mpaka mvuke utoke. Hapo kila kitu ni chekundu, na kwa sababu hiyo hakuna kinachojitenga. Kisha huoshwa kwa spiriti yenye tindikali. Wekundu wote hutoka, isipokuwa kwenye bakteria wa kifua kikuu, kwa kuwa ukuta wao wa nta hauiachii rangi. Mwishowe huongezwa rangi ya buluu. Sasa vijiti vyekundu vinaonekana, na mgonjwa anaweza kuanza dawa.

Mchoraji alizima dirisha, mtaalamu akaosha wekundu. Hakuna aliyeweza kukikuza kimoja bila kuvinyamazisha vingine, na hapo ndipo sisi kanisani tunaposhindwa.

Yesu hakushindwa hivyo: katika Marko sura ya 3, anamwambia mtu mwenye mkono uliopooza asimame katikati ya sinagogi. Kabla ya kumponya, anamtoa pembeni na kumweka mbele ya watu wote.

Sasa tuyatazame matangazo yetu. Majina ya waliochanga fedha nyingi husomwa taratibu, kwa makofi. Ya wagonjwa husomwa mbio mwishoni, watu wakitafuta viatu vya watoto. Jambo hili linanichoma moyo. Nawaombeni, wazee wa kanisa, kuanzia Jumapili ijayo wagonjwa na wafiwa watajwe kwanza, polepole, pamoja na mitaa yao, jirani ajue aende kubisha hodi wapi. Orodha ya michango tuibandike ubaoni.