Huruma Isiyojua Kazi

Wako watu wasemao kwamba kumsaidia aliyepatwa na maafa hakuhitaji masomo, kwahitaji moyo tu. Husema hivyo hasa wasikiapo kwamba siku hizi iko kazi iitwayo ushauri wa misaada ya dharura, na ya kuwa waifanyao hupewa mkataba na mshahara, wakatumwa leo kwenye mafuriko, kesho kwenye kambi ya wakimbizi. Tangu lini, huuliza, huruma ikawa na cheti na mshahara?

Tusingalilishika swali hili kama tusingalipata barua ya mzazi mmoja, ambaye hatulitaji jina lake wala parokia yake. Binti yake amemaliza kidato cha 6. Amehudhuria semina ya siku chache, na sasa ataka kwenda mara moja kuwahudumia wakimbizi. Baba yake amemwambia aingie kwanza chuo cha uuguzi, miaka 3. Binti amejibu kwamba watu wanateseka leo, si baada ya miaka 3, na ya kuwa Mungu hutazama moyo, hatazami vyeti. Mzazi atuuliza ni nani mwenye haki. Twakiri kwamba jibu la binti lilitupendeza kabla ya kulifikiri.

Ndugu zetu wa Kagera na Mwanza hawajaisahau tarehe 21 Mei 1996. Siku ile meli ya MV Bukoba, ikiwa imejaa watu kupita kiasi, ilipinduka katika Ziwa Viktoria karibu na Mwanza. Haikuzama papo hapo. Ilielea kitako juu, na hewa iliyokuwa imebaki tumboni mwake ndiyo iliyoishikilia. Waliofika kuokoa waliwasikia watu wakigonga chuma toka ndani. Nani angaliweza kusikia mlio ule akaketi kimya? Basi likatobolewa tundu ili watu wale watolewe. Kwa tundu lile hewa ikatoka, maji yakashika mahali pake, na meli ikashuka pamoja na wale waliokuwa wakigonga.

Hatuandiki haya ili kuwahukumu walioshika vyombo vile mikononi. Walisukumwa na huruma, na huenda yeyote kati yetu angalifanya vivyo hivyo. Lakini ni lazima tulitazame jambo lenyewe bila kufumba macho. Kilichowazamisha watu wale saa ile si ukosefu wa mapendo. Mapendo yalikuwapo, tena yalikuwa na haraka. Kilichokosekana ni mtu mmoja ajuaye kwa nini kitu kizito huelea.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba si kila kutojua ni kosa. Asiyejua jambo lisilompasa hana hatia. Bali asiyejua lile alilopaswa kulijua, naye alikuwa na nafasi ya kulijua akaipuuza, huyo ana hatia. Mafundisho haya yatusaidia kupambanua. Mvuvi aliyekuwa akipita na mtumbwi wake hakupaswa kujua elimu ya meli. Alitoa alichokuwa nacho. Lakini waliokuwa na dhamana juu ya usafiri wa ziwa, je? Na mtu ajitokezaye mwenyewe, akavaa fulana yenye alama ya msaada, akawaambia wenye maafa, "Mimi nimekuja kuwaokoa," je, huyo hajajitwisha wajibu wa kujua? Sisi twaona amejitwisha. Tangu aliposema neno lile, watu wameacha kutafuta msaada mwingine, wakamtegemea yeye.

Tuwatazame basi wale watu wa mashauri ya dharura, walikotoka. Wengi hawakuanza na maafa. Huyu alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, yule fundi wa pampu, mwingine mtunza ghala, mhasibu, dereva wa malori, bwana shamba, askari aliyestaafu. Katika kazi hizo za kila siku, zisizopigiwa vigelegele, ndimo walimojifunza kupima dawa na kuhesabu magunia yasiibwe, na kujua kisima kichimbwe upande gani wa choo. Maafa yalipokuja yaliwakuta tayari. Mhasibu hasifiwi na mtu katika habari za maafa, nasi waandishi tumo katika lawama hiyo. Lakini bila yeye unga wa yatima huishia sokoni.

Mfano mkubwa ni wa mwaka 1971, vita vilipowafukuza mamilioni ya Wabengali wakakimbilia India. Katika kambi ya Bangaon kipindupindu kilikuwa kikiua, na maji ya kutia mishipani yakawa yanakwisha. Alikuwako daktari wa watoto, Dilip Mahalanabis, ambaye alikuwa amechunguza kwa muda jinsi mgonjwa wa kuhara awezavyo kurudishiwa maji kwa kinywa. Aliagiza pakiti za chumvi, sukari ya glukosi na magadi, zikakorogwa katika mapipa, na ndugu za wagonjwa wakafundishwa kuwanywesha wenyewe. Penye vifo kama 30 katika kila wagonjwa 100, vikashuka chini ya 4. Mama asiyejua kusoma aliweza kuifanya kazi ile. Lakini mama yule alifundishwa na mtu aliyekuwa amekesha juu ya vitabu na juu ya wagonjwa.

Sasa tuitazame Goma. Mwezi Julai 1994 watu mamia kwa maelfu walivuka kutoka Rwanda wakaingia katika mji ule, nchi ikiitwa bado Zaire. Ardhi ya pale ni mawe ya volkano. Kuchimba choo ni taabu, na kuchimba kaburi ni taabu. Kipindupindu kikalipuka, kuhara damu kukakifuata, na katika mwezi wa kwanza wakafa watu karibu 50,000. Mashirika yaliyofika yalikuwa mengi, na waliokuja walikuwa na mapendo. Wengi wao walikuwa madaktari na wauguzi wenye vyeti halali. Ile dawa ya chumvi na sukari ilikuwa imejulikana kwa zaidi ya miaka 20. Hata hivyo wataalamu kutoka Bangladesh, ambao kwao kipindupindu ni jirani mzoefu, walifika Goma, na mwaka 1995 wakaandika waliyoyaona. Wagonjwa walirudishiwa maji polepole mno. Maji ya kunywa yenye chumvi na sukari hayakutumiwa vya kutosha. Dripu nyingine hazikuwa za namna ifaayo, na wahudumu wengi hawakuwa na uzoefu wa kuuguza kipindupindu kikali. Katika kituo kimoja, siku ile iliyokuwa mbaya kupita zote, karibu nusu ya wagonjwa walikufa.

Na tuangalie vema jambo hili. Mbele ya ugonjwa ule, daktari hodari wa nchi tajiri alikuwa mwanafunzi, na mganga kutoka nchi maskini alikuwa mwalimu. Basi tunapouliza mtu amesomea nini, haitoshi kuuliza kama ana cheti. Ni lazima kuuliza pia amezoea nini, na amekwisha kukutana na msiba wa namna gani. Mashirika yenyewe, ya Kanisa na yasiyo ya Kanisa, yalishtuka baada ya Goma, na tangu mwaka 1997 yakaanza kuandika vipimo ambavyo kila mhudumu apaswa kuvijua: lita 15 za maji kwa mtu mmoja kwa siku, choo kimoja kwa watu wasiozidi 20, na mengine ya namna hiyo. Wako wanaoviona vipimo hivyo kuwa ni ubaridi wa moyo. Sisi twaviona kuwa ni toba.

Lakini habari ya mshahara bado ipo. Msomaji atasema: mjue kazi, sawa, ila kwa nini mlipwe? Tufungue mfano wa Msamaria Mwema, ambao tumeuhubiriwa tangu utoto, na bado mtu mmoja ndani yake twamsahau daima. Msamaria alimfunga majeruhi vidonda, akatia mafuta na divai. Hivyo hata yeye alijua jambo la kufanya, hakuishia kulia kando ya njia. Kisha akampeleka katika nyumba ya wageni, na kesho yake akatoa dinari 2 akampa mwenye nyumba, akamwagiza amtunze, na kuahidi kumlipa kitakachozidi. Dinari 1 ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Mwenye nyumba huyu alilipwa, na Bwana wetu hakumlaumu. Siku zote zilizofuata ndiye aliyemgeuza mgonjwa kitandani na kumpa chakula, wakati Msamaria yuko safarini kwa shughuli zake. Mtu mwenye watoto wa kulisha hawezi kukaa kambini miaka 10 kwa hewa tupu. Ujira wa haki haumtoi mtu katika huruma.

Hata hivyo ipo mishahara ambayo si dinari 2. Twajua wako washauri wafikao kwa ndege, wakalala hotelini majuma mawili, wakauliza maswali kwa mkalimani, wakaandika taarifa nene na kuondoka, nao wamechukua ujira upitao ule wa muuguzi wa zahanati ile ile kwa mwaka mzima. Taarifa yenyewe muuguzi haletewi aisome. Hapo hatuwezi kunyamaza. Shilingi ile ilitolewa na mjane fulani mahali fulani, na atakapoiulizia mbele ya Mungu, mtu atajibu.

Baba Mtakatifu Benedikto wa 16, katika waraka wake Deus Caritas Est wa mwaka 2005, aliviweka vitu hivi viwili pamoja: ujuzi wa kazi ni sharti la kwanza kwa mhudumu wa mapendo, lakini ujuzi peke yake hautoshi, moyo nao wahitaji malezi. Twapenda sana mpango wake. Hakusema moyo kwanza, ujuzi baadaye ukipatikana.

Tena moyo uliolelewa vema humfanya mtaalamu ayajue mambo ambayo chuo hakikumfundisha. Alikuwako Mmarekani mmoja, Fred Cuny, mhandisi wa Texas, aliyeifanya kazi hii ya ushauri wa maafa mpaka alipopotea huko Chechnya mwaka 1995. Tetemeko la ardhi lilipowaua watu wapatao 23,000 nchini Guatemala, mwezi Februari 1976, vyakula vya msaada vilimiminwa kutoka ng'ambo, ingawa mavuno ya mahindi yalikuwa mema, na wakulima wakaumia kwa bei. Mpango ambao Cuny aliushauri ulikwenda njia nyingine: bati za kuezekea ziliuzwa kwa bei nafuu, na waashi wa vijijini wakafundishwa kujenga nyumba isiyowaangukia watu tena. Alikuwa ametambua kwamba aliyebomokewa nyumba hakubomokewa akili. Alijua kujenga kabla ya tetemeko, na angejenga tena.

Nasi tumeona jambo kama hilo nyumbani. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, ikiwa na watu 43. Wavuvi ndio waliotangulia kufika, kwa mitumbwi yao. Watu 24 waliokoka, 19 wakafariki. Kijana mmoja katika wavuvi wale alipewa baadaye nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, apate mafunzo. Wengine walilichukua jambo hilo kuwa ni zawadi ya ushujaa tu, nasi twaona ndani yake hekima zaidi: ujuzi wake wa maji ulikuwa tayari, alioupata kwa jasho la kila usiku, ukahitaji kuongezewa ujuzi mwingine. Laiti wavuvi 100 wa kila mwalo wangepewa mafunzo hayo kabla ya ajali ijayo, si mmoja baada ya ajali iliyopita.

Parokia zetu nazo zaweza kuanza pasipo fedha. Ni paroko gani aliye na orodha ya waamini wake wauguzi, mafundi wa umeme, wakunga, madereva wa malori, wapiga mbizi? Michango ya harusi twaiandika daftarini shilingi kwa shilingi. Ujuzi wa watu wetu hatuna mahali tulipouandika.

Turudi kwa mzazi aliyetuandikia. Binti yako asema kweli kwamba watu wanateseka leo. Lakini baada ya miaka 3 watakuwako wengine watakaoteseka siku hiyo, nao watahitaji mtu anayejua kuupata mshipa wa mtoto aliyekaukiwa maji, usiku, kwa taa ya mkononi. Usimvunje moyo, wala usimkemee kwamba hajui dunia. Moyo alio nao si wa kununuliwa, na vyuo vina wanafunzi wengi wasio nao. Mpeleke chuoni. Wakati wa likizo ajitolee katika Caritas ya jimbo lenu, akahesabu magunia ghalani pamoja na mtunza ghala, ili ajue jinsi gunia moja linavyopotea. Na jioni, akiwa na nafasi, na ajifunze Kirundi.