Huzuni ya Mtoto na Hukumu ya Mtu Mzima

Watu wazima hupenda kuamini kwamba huzuni ni mali yao peke yao. Mtoto, wasema, hulia asubuhi akacheza adhuhuri. Imani hiyo yafaa kupimwa, na katika nyanda za juu za Kigoma iko mizani ya kuipimia.

Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo. Ile ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015, Warundi walipokimbia machafuko ya nchi yao. Kijana wa miaka kumi na mitatu aliyekulia humo hakuchagua vita, wala hakuchagua mgao wa chakula uliopunguzwa mara kadhaa. Jirani zake Waha, ambao lugha yao ni ndugu ya Kirundi, hawakukimbia kitu. Lakini kwao pia wamo watoto waliofiwa, wenye njaa, na wapigwao nyumbani.

Mtoto wa namna hiyo akikosa usingizi, akamjibu mama yake kwa ukali, huitwaje? Huitwa mvivu, akizidi, mkaidi. Kumbe sonona ya umri huo mara nyingi huonekana kwa hasira kuliko kwa machozi. Mwalimu huona utovu wa adabu, na kanuni zilizotokana na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 zaruhusu kiboko kwa kosa kubwa.

Atatokea mtu aulize: kila kosa likiitwa ugonjwa, nani atawajibika? Swali hili si la kudharauliwa, maana uvivu upo. Lakini mvivu hukimbia kazi akaenda mchezoni. Mwenye sonona huacha vyote viwili. Tofauti hiyo haihitaji daktari kuiona, yahitaji mtu wa kutazama.

Gumu zaidi ni la mzazi. Baba apigaye huenda naye amebeba vita kifuani, na kumlaumu bila kumsikiliza ni kurudia kosa lile lile. Hata hivyo huzuni yake haiupunguzii mgongo wa mtoto maumivu. Lawama yaweza kupungua, fimbo ikawekwa chini vilevile.

Wauguzi huuliza habari za majuma mawili yaliyopita: usingizi, hamu ya chakula, furaha. Ni maswali ya dakika chache tu. Katika darasa la watoto mia, mwalimu mmoja atazitoa wapi?