Fungu la Mtumishi wa Zaka

Aya ya 60 ya Sura At-Tawba inataja makundi manane ya wanaostahili zaka, na mara tu baada ya mafakiri na masikini inawataja wanaoitumikia zaka yenyewe, yaani wakusanyaji na wagawaji. Kundi hilo lina mengi ya kuyaambia mashirika yetu ya hisani. Mtumishi huyo hakuambiwa asubiri thawabu za Akhera. Kawekewa ujira, tena kutoka mfuko uleule wa masikini, na kawekewa hadharani, ndani ya aya ambayo kila muumini anaweza kuisoma. Mafakihi walibishania kiasi: wapo waliomwekea kikomo cha thumuni, wapo waliosema apewe kadiri ya kazi. Lakini wengi wao walisema hupewa hata akiwa tajiri, kwa kuwa anacholipwa ni jasho lake, si shida yake.

Hoja yangu imesimama hapo. Ikiwa ujira wa hisani hulipa kazi, basi haufai kufuata pasipoti ya mfanyakazi wala ufundi wake wa kubembeleza siku ya usaili. Na ikiwa unatoka katika amana ya watu, wenye amana na wafanyakazi wenzake wana haki ya kujua ulivyopangwa. Mashirika mengi ya kimataifa yanakwenda kinyume. Utafiti wa malipo uitwao ADDUP, uliofanywa katika nchi sita, Uganda na Malawi zikiwemo, ulikuta wataalamu wa kigeni wakilipwa kwa wastani takriban mara nne ya wenyeji. Wanaotetea pengo hilo husema mgeni kaacha nyumba kwao, na ana karo za watoto. Ni kweli, na gharama hizo zina jina: posho. Ziandikwe kama posho, kila mtu azione, na mshahara wa kazi ubaki mmoja. Zikifichwa ndani ya mshahara, mwenyeji anaambiwa bila kutamkiwa kwamba akili yake ina thamani ya robo.

Wengine husema kazi ya Mungu hulipwa na Mungu. Ajabu, maneno hayo huambiwa zaidi mhudumu wa afya kijijini kuliko mkurugenzi wa mradi. Waraka wa Yakobo, sura ya 5, haukuwaachia wenye mashamba mwanya huo: ujira uliozuiliwa wa wavunaji unapaza sauti, na Mungu anasikia. Anayejitolea ana heshima yake, ila hiari haijakamilika ikiwa hajui wanaofanya kazi hiyohiyo pembeni yake wanalipwa nini.

Pingamizi zito zaidi linahusu siri. Dini husifu sadaka ya kificho. Kwa nini basi mshahara uanikwe? Kwa sababu siri hizi mbili hazimlindi mtu mmoja: ile humsitiri masikini asiaibike, hii humkinga mwajiri asiulizwe. Wala si kweli kwamba wafadhili watakimbia. Marekani, fomu ya kodi iitwayo 990 huweka wazi malipo ya viongozi wa mashirika mengi ya hisani, na watu wanaendelea kutoa. Matokeo yake, mfadhili wa Boston anaweza kujua mshahara wa mkurugenzi mkuu, huku wahasibu wawili wanaokaa meza moja Nairobi hawajui wanavyopishana.

Na husuda je, mishahara ikitangazwa? Hilo limejibiwa zamani. Mtume Muhammad alimtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka, naye akarudi akitenga mali ya mfuko na zawadi alizodai kuwa zake. Mtume alipanda mimbari akahoji: mtumishi wa namna hiyo angekaa nyumbani kwa wazazi wake, angeletewa zawadi hizo? Suala lilianikwa mbele ya umma, lakini lilisemwa juu ya mtumishi yeyote anayetumwa, si kwa jina la mtu. Shirika nalo linaweza kutangaza ngazi za mishahara, vigezo vya kupanda daraja na kila aina ya posho, bila kubandika hati ya malipo ya mtu ukutani. Faragha ya mfanyakazi hubaki. Kinachoondoka ni uwezo wa bosi kuwalipa wawili wa daraja moja kwa namna ambayo asingethubutu kuieleza wakiwa wameketi mbele yake.