Ugonjwa Usio na Jina Bado



Mwinjili Marko peke yake ndiye atusimuliaye habari za kipofu wa Betsaida. Watu walimleta kwa Bwana wetu Yezu Kristu. Bwana akamshika mkono, akamtoa nje ya kijiji, akamtia mate machoni, akamwekea mikono, kisha akamwuliza kama aona kitu. Yule mtu alijibu kwamba aona watu, ila waonekana kama miti inayotembea. Ndipo Bwana alipomwekea mikono mara ya pili, na macho yake yakawa mazima.

Habari hii yapita upesi masikioni mwetu isomwapo katika Misa, kana kwamba si kitu. Walakini mfikirieni mtu yule. Mbele yake alisimama Mponyaji ambaye sifa zake zilikuwa zimeenea Galilaya yote. Angaliweza kuona haya. Angaliweza kusema kwamba aona vema, na kushukuru na kwenda zake, ili asimwaibishe aliyemgusa wala asiwachoshe waliomleta. Hakufanya hivyo. Alisema kweli: aona, lakini haoni sawasawa. Wala Bwana hakumkaripia kwa kukosa shukrani.

Nimemkumbuka kipofu huyo kwa ajili ya mama mmoja wa pande za Bweranyange, huko Karagwe. Nilikwenda kusaidia maungamo na Misa katika kigango kimoja, na baada ya Misa mama huyo akanisubiri chini ya mti, ameshika bahasha iliyochakaa. Ndani yake mlikuwa na karatasi za vipimo. Akaniambia, "Padre, nimepimwa mara mbili, na mara zote mbili wameniambia hawaoni ugonjwa. Basi nina nini?"

Alinieleza mambo yake kwa aibu. Mwaka wa pili sasa amekuwa mtu wa usingizi. Aona baridi hata akiwa jikoni karibu na moto. Nywele zakatika, sauti imekuwa nzito, mwili waongezeka ingawa chakula chake ni kidogo. Shamba la migomba na kahawa ambalo zamani alilipalilia peke yake sasa lamshinda. Jirani mmoja alimtazama shingo akasema imejaa. Hivyo akaenda hospitali kuuliza habari za tezi. Kipimo cha kwanza kilipita kidogo mpaka wa kawaida. Cha pili kikawa ndani ya mpaka. Akarudishwa nyumbani. Mume wake, ambaye aliuza mbuzi wawili kwa ajili ya safari hizo, alipoambiwa kwamba hakuna kilichoonekana alisema neno moja tu: uvivu. Mama mkwe akasema ni uchawi. Katika nyumba ile tangu siku hiyo watu hawasemezani vizuri.

Nami nilimjibuje? Nalikuwa na haraka, kwa maana nilingojwa mahali pengine. Nilimwambia asali, apumzike, amshukuru Mungu kwamba vipimo ni vizuri. Akanitazama, akafunga bahasha yake, akasema, "Ahsante, Padre." Nilikuwa njiani nilipotambua kwamba nimemfanyia kama wengine wote: nimemgusa mara moja na kumwambia kwamba sasa aona vema.

Basi nilimtafuta mganga mmoja wa hospitali ambaye ni rafiki yangu tangu siku za shule, nikamwomba anifundishe kama mtoto. Haya ndiyo niliyojifunza, nami nayaandika kwa sababu najua kwamba mama huyo hayuko peke yake katika nchi yetu.

Mbele ya koo, chini ya kile kifundo kinachopanda na kushuka tumezapo mate, iko tezi yenye umbo la kipepeo. Uzito wake haufiki hata gramu 30 kwa mtu mzima mwenye afya. Kazi yake ni kutengeneza maji yaitwayo thairoksini, ambayo huuamuru mwili wote uende mbio au uende polepole: moyo, tumbo, ngozi, joto la mwili, hata fikira. Yakizidi, mtu hukonda, moyo humpiga mbio, mikono hutetemeka, joto humsumbua. Yakipungua, mtu huwa kama yule mama.

Tezi hiyo haijiongozi yenyewe. Chini ya ubongo iko tezi nyingine, ndogo kama punje ya harage, inayoiita ifanye kazi. Wito wake ndio unaoandikwa katika karatasi za vipimo kwa herufi TSH. Tezi ya shingoni ikilegea, ile ya juu hupaza sauti, kama mwenye nyumba anayemwita mtumishi asiyesikia, na namba hupanda. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi, sauti hushuka karibu kunyamaza. Ndiyo sababu waganga hupenda kuanza na kipimo hicho, nacho ni kipimo kizuri.

Lakini sauti ya mtu haiko sawa siku zote. Namba hiyo hubadilika kati ya usiku na mchana. Mtu akiwa mgonjwa wa jambo jingine, au akiwa ndiyo kwanza ainuka kutoka homa kali, yaweza kushuka au kupanda kwa muda bila tezi kuwa na kosa. Mimba huibadilisha. Dawa kadhaa huibadilisha. Hata vidonge vyenye biotini, ambavyo siku hizi vijana wetu humeza ili wapate nywele na kucha nzuri, vyaweza kukidanganya chombo cha maabara kitoe jibu la uongo. Tena mgonjwa hatataja vidonge hivyo, kwa maana kwake si dawa. Mara chache yule mwitaji wa juu ndiye mgonjwa, naye hawezi kupaza sauti hata mtumishi akilala kabisa. Hapo kupima wito peke yake hakutoshi. Yapasa kupima na thairoksini yenyewe.

Na iko hali ya katikati, ambapo wito umepanda kidogo na kazi ingali sawa. Huyo hawezi kuambiwa kwamba ana ugonjwa kamili, wala hawezi kuambiwa kwamba hana neno. Rafiki yangu alisema kwamba mtu wa namna hiyo apimwe tena baada ya miezi miwili au mitatu, na ikiwezekana apimwe pia zile askari za mwili ambazo kwa makosa huishambulia tezi. Wengine hurudi katika hali ya kawaida wenyewe. Wengine huendelea kushuka, na ikibidi hupewa kidonge cha kila siku, nao hurudi kuwa watu. Picha ya shingo nayo yafaa, ila yaonyesha umbo la tezi, haionyeshi bidii yake.

"Kwa hiyo," nilimwuliza, "yule mama alipoambiwa kwamba hakuna kitu, aliambiwa uongo?" Akanijibu kwamba hakuambiwa uongo, bali aliambiwa nusu. Neno lililopaswa kusemwa ni kwamba bado hatujui, rudi tarehe fulani. Neno hilo, alisema, ni gumu katika kinywa cha mganga mwenye wagonjwa mia mlangoni. Nikaona kwamba ni gumu katika kinywa cha padre pia.

Wasomaji wetu wa Karagwe hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Bweranyange palikuwa makao ya mfalme Rumanyika, naye mwezi wa Novemba 1861 aliwapokea kwa wema Waingereza wawili, Speke na Grant, waliokuwa wakitafuta chanzo cha mto Nile. Huko Grant aliugua mguu. Ulivimba, ukafanya vidonda, ukamlaza. Speke alimwacha, akaenda zake Buganda Januari 1862. Grant alibaki Karagwe hadi Aprili, akaondoka amebebwa katika machela. Dawa za kwao hazikumponya, na za wenyeji hazikumponya. Jina la ugonjwa wake halikujulikana na mtu. Baadhi ya waganga wa siku zetu, wakisoma maelezo yake mwenyewe, wadhani kwamba ulikuwa ule ugonjwa wa vidonda ulioitwa baadaye kwa jina la Buruli, nchi ya Uganda, ambao kijidudu chake kilielezwa na wataalamu wa Australia mwaka 1948. Wengine hawana hakika. Je, tutasema kwamba kwa kuwa ugonjwa ule haukuwa na jina mwaka 1862, mguu wa Grant haukuuma?

Ndivyo ilivyokuwa kwa tezi pia. Mwaka 1873 mganga mmoja wa London, William Gull, aliandika habari za wanawake aliowaona wakiwa wazito, wenye sura iliyovimba na mwendo uliopoa. Sababu hakuijua. Dawa ilipatikana mwaka 1891, George Murray wa Newcastle alipomtia mama mmoja wa miaka 46 maji yaliyotengenezwa kutoka tezi ya kondoo. Mama huyo akaishi miaka 28 zaidi. Kati ya miaka hiyo miwili ni wanawake wangapi walioitwa wavivu nyumbani mwao?

Nawasihi basi waume. Mwanamke ambaye jana aliamka kabla ya jogoo na leo hawezi kunyanyua jembe, hakuamua usiku mmoja kuwa mvivu. Ninyi mmeishi naye. Ninyi ndio kipimo cha kwanza. Karatasi ya maabara yaeleza tone la damu la asubuhi moja, lakini ninyi mwajua miaka 15. Nendeni naye kwa mganga, mseme mlichoona: lini kilianza, nini kilitangulia, alijifungua lini, anakula nini, ameza dawa gani, ziwe za hospitali au za mitishamba. Chukueni karatasi zote za zamani. Kuna watu huzificha wakienda hospitali nyingine, kana kwamba wamtega mganga. Hivyo kila mmoja huanza upya, na fedha huisha kama zilivyomwishia yule mama wa Injili aliyetokwa damu miaka kumi na miwili.

Na mgonjwa naye asiifunge roho yake katika tezi peke yake. Uchovu una wazazi wengi: upungufu wa damu, kisukari, kifua kikuu, huzuni nzito ifuatayo uzazi. Mganga akisema tutazame na haya, asidhani kwamba adharauliwa. Yule kipofu hakumwambia Bwana ni ugonjwa gani alio nao, alieleza anachoona. Kununua vidonge vya tezi dukani bila kuandikiwa, eti kwa sababu shangazi vilimfaa, ni hatari kwa moyo na kwa mifupa. Wale wauzao chupa za kuyeyusha tezi penye vituo vya mabasi sitawataja zaidi. Kelele zao zatosha.

Wako wasiopaswa kungoja miezi mitatu. Shingo ikivimba upesi, sauti ikikauka bila mafua, chakula kikikwama au pumzi ikibana, mtu aende mara moja. Kadhalika mama mwenye mimba, kwa maana mtoto tumboni hujenga ubongo wake kwa thairoksini ya mama katika miezi ya kwanza.

Juu ya chumvi niseme kwa ufupi. Tezi hutengeneza maji yake kwa madini joto, na nchi zetu za milima mara nyingi zina uhaba wake. Toka hapo hutokea ule uvimbe wa shingo ambao Waswahili wa zamani waliuita rovu. Tangu mwaka 1986 serikali ilianza kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoumizwa zaidi, na katikati ya miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi ya kuliwa itiwe madini hayo. Nunueni chumvi hiyo, ifunikeni, itieni chakula kikikaribia kuiva. Lakini chumvi ni kinga ya nyumba nzima. Haichukui nafasi ya mganga kwa aliyekwisha kuugua.

Wengine wataniuliza: Padre, na sala je? Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, hutuamuru tumwombe Mungu tuwapo wagonjwa, na katika mafundisho yale yale hutuamuru tumpe mganga nafasi yake, kwa kuwa yeye pia ameumbwa na Mungu. Nimemwombea yule mama kila siku. Ila nalipaswa kumsikiliza kwanza, ndipo nijue namwombea nini.

Nilirudi Bweranyange baada ya majuma matatu. Safari hii sikuwa na haraka. Tuliketi nje ya nyumba yao, nikamwomba radhi kwa jibu nililompa siku ile, tukatandaza zile karatasi juu ya mkeka. Nilimweleza habari za sauti ya yule mwitaji, na kwa nini kipimo cha tatu si upumbavu wala si kutupa fedha. Nilimwambia pia kwamba huenda kikaonyesha tezi ni nzima, na hapo itatafutwa sababu nyingine. Alisema hilo halimwogopeshi. Aliloliogopa ni kuambiwa tena kwamba hana kitu.

Mume wake alikuwa mlangoni akichambua kahawa, kimya, kana kwamba maneno hayamhusu. Nilipoinuka kuaga, aliacha ungo wake akaniuliza, "Padre, hiyo tarehe ya kurudi ni lini?" Kabla sijajibu mkewe akamtajia siku. Akahesabu kwa vidole, akasema siku hiyo hana kazi, atakwenda naye.