Juu ya Sumu ya Shamba na Amri ya Tano

Watoto hufundishwa ya kuwa amri ya tano yakataza kuua na kujeruhi. Wafahamu upesi: upanga, mshale, ngumi. Lakini kuna jeraha litiwalo pasipo hasira, ambalo laonekana baada ya miaka ishirini, aliyelitia amekwisha kusahau. Je, hapo amri ya tano yanyamaza?

Tazama mlimaji wa Ufaransa. Miaka mingi alinyunyiza dawa za kuua majani na wadudu katika mizabibu, akivuta mvuke wake, mikono ikilowa. Siku moja kidole chaanza kutetemeka pasipo baridi. Kisha hatua zafupika, uso wakauka kama kinyago, hata kifungo cha shati chamshinda. Ndiyo maradhi ambayo mganga James Parkinson wa London aliyaeleza mwaka 1817. Dalili za kwanza zionekanapo, sehemu kubwa ya chembe za ubongo zinazosaidia kuongoza viungo imekwisha kufa.

Mwaka 1982, huko California, vijana kadhaa walijidunga dawa ya kulevya yenye uchafu uitwao MPTP, wakakakamaa kama wazee. Sumu hiyo, ikiisha kugeuka mwilini, ina umbo la karibu sana na parakwati, dawa ya kuua majani iliyoanza kuuzwa mwaka 1962. Na mwaka 2011 uchunguzi uliofanywa katika Iowa na North Carolina ulionyesha kwamba maradhi haya yalihusiana na kutumia parakwati, kwa kadiri ya mara mbili na nusu kuliko kwa wasioitumia.

Wengine wajibu: haijathibitika. Wako wazee wanaotetemeka wasiogusa dawa kamwe, na wako walioishika maisha yao yote wakabaki wazima. Neno hilo ni kweli, wala lisidharauliwe. Hakuna mganga awezaye kuonyesha tone moja na kusema, hili ndilo lililomdhuru mtu huyu.

Lakini swali la mganga si swali la dhamiri. Mwindaji aona kitu kikitikisika kichakani wakati wa magharibi. Labda ni paa. Labda ni mwanamke anayeokota kuni. Walimu wa maadili katika Kanisa walifundisha tangu zamani kwamba hana ruhusa kupiga mshale mpaka ajue. Haimfai kusema, “Hakuna aliyenithibitishia kuwa ni mtu.” Wajibu wa kuthibitisha ni wake yeye mwenye upinde. Marehemu Papa Fransisko, katika waraka Laudato si’ wa mwaka 2015, alinena vivyo hivyo juu ya kazi ziwezazo kuleta madhara makubwa yasiyorekebika.

Mtu atasema, mlimaji alitaka mwenyewe, maana jembe ni zito. Ni zito kweli, na asilaumiwe anayetaka kupumzisha mgongo! Lakini aliyefichwa hatari hakuchagua. Na kibarua wa kutwa hachagui hata pipa analobebeshwa.

Mwaka 2012 serikali ya Ufaransa iliyaandika maradhi haya kati ya maradhi ya kazi ya walimaji, kwa aliyeshika dawa hizo miaka 10. Hadaiwi kuonyesha tone lake. Ila maradhi yalipaswa kutokea kabla ya mwaka 1 kupita tangu aache kuzishika, kana kwamba ugonjwa huu wajua kalenda! Mwaka 2020 muda huo ulifanywa miaka 7.

Parakwati ilipoteza kibali katika Umoja wa Ulaya mwaka 2007, kwa hukumu ya mahakama. Hata hivyo, kwa miaka mingi baadaye kiwanda kimoja cha Uingereza kiliendelea kuitengeneza na kuipeleka ng’ambo. Huyo ni mwindaji aliyeshusha upinde mbele ya kichaka cha kwao, akauza mishale ile ile kwa kichaka cha jirani. Ufaransa ilikataza biashara ya namna hiyo tangu mwaka 2022, lakini sheria yake ilizungumza juu ya dawa iliyokwisha kutayarishwa; sumu yenyewe, kabla ya kuchanganywa, iliachiwa njia.